Panya anayecheza ngoma peke yake: juu ya nini tunasoma uziwi na upofu wa kurithi ndani ya wanyama



Kuna swali moja lenye linarudi kila mwaka wakati tunafika kwenye somo la jeni. Mara mingi linatoka nyuma ya oditwari: "Asistanti, panya haiko mutu. Sasa juu ya nini banatosha feza mingi kutafuta magonjwa yetu ndani ya panya?" Wenzake wanacheka. Mimi sicheki, juu swali ni la akili. Panya haiko mtu, ni kweli kabisa. Na kuna ugonjwa mmoja ambamo tofauti hiyo ya panya na mtu iliwasumbua watafiti miaka na miaka, kiisha tofauti yenyewe ikawafundisha jambo ambalo hawangelijua kwa njia nyingine. Nataka tuuzungumzie huo ugonjwa.

Unaitwa sindromu ya Usher. Jina linatoka kwa Charles Usher, daktari wa macho wa Scotland, ambaye mwaka 1914 alionyesha kwamba unapita ndani ya familia. Mbele yake Albrecht von Graefe, kule Berlin, alikuwa amekwisha kuandika juu yake mwaka 1858. Mtoto anazaliwa kiziwi, ao na masikio mazito. Wazazi wanakubali, wanatafuta shule ya viziwi, maisha yanaendelea. Halafu, katikati ya utoto na ujana, macho nayo yanaanza kufa polepole. Ndani ya retina, ile ngozi nyembamba chini ya jicho inayopokea mwanga, tuko na seli za aina mbili: vijiti, vinavyotusaidia usiku, na koni, zinazotuonyesha rangi na mambo madogo madogo mchana. Vijiti ndivyo vinakufa kwanza. Kijana anaanza kujigonga kwenye viti wakati jua limeingia. Kiisha pembeni panafunga, anabaki kuona sawa mtu anayechungulia ndani ya bomba. Mwisho koni nazo zinafuata.

Tusimame hapo kidogo. Kiziwi anasikia kwa macho. Lugha ya ishara inaingia kwa macho, midomo ya mama inasomwa kwa macho, utani wa marafiki kwenye kiwanja unafika kwa macho. Kwa mtu sawa mimi, kupoteza macho ni hasara kubwa, lakini mtaendelea kunisemesha. Yeye anapoteza na lugha. Kuna njia ya kupokea ishara ndani ya mikono, mtu anashika mikono ya anayesema na kufuata mwendo wake. Viziwi wasioona wanaitumia vizuri sana, lakini kuijifunza kunaomba muda, na ni vyema kuanza wakati macho yangali yanasaidia. Kwa hiyo miaka ile ya katikati, toka uziwi unajulikana mpaka macho yanafunga, ina bei kubwa.

Hesabu zilizofanywa Ulaya na Marekani zinaonyesha watu kati ya 4 na 17 kwa kila watu 100,000. Ni ugonjwa wa nadra, lakini karibu nusu ya watu walio viziwi na vipofu pamoja kwa sababu ya kurithi, njo huu wanao. Unarithiwa kwa njia ya kujificha: baba anabeba kopi moja mbovu ya jeni, mama anabeba moja, wote wawili wanasikia na kuona vizuri, na kila mtoto wao yuko na nafasi moja juu ya nne ya kupata kopi mbili mbovu. Mnajua vile inaelezwa kwetu. Wazazi wazima, mtoto kiziwi, sasa na usiku haoni: basi kuna mjomba alikula kitu, kuna shangazi ana kijicho, twende kwa mwenye maombi. Ao mtu anasema ni upofu wa mto. Huo mwingine tunaujua, mbu wadogo weusi wa maji ya mbio wanaleta mnyoo unaoharibu macho na ngozi, lakini mnyoo huo haumfanyi mtu azaliwe kiziwi.

Kuna aina tatu. Ya kwanza ni kali: kiziwi kabisa toka kuzaliwa, na usawa wa mwili umeharibika, mtoto anachelewa kutembea, mara nyingi anapita miezi 18. Ya pili, anasikia kidogo, anatembea sawa wengine, macho yanaanza kusumbua wakati wa ujana. Ya tatu ni ya nadra zaidi, masikio na macho vinapungua pamoja kidogo kidogo. Kumbukeni ile habari ya kuchelewa kutembea. Tutairudilia.

Sasa panya.

Zamani sana wafugaji wa Japani walikuwa na panya wadogo wa kufurahisha watu. Panya hao hawakuenda moja kwa moja. Walizunguka, walizunguka, sawa mtoto anayejizungusha uwanjani mpaka kizunguzungu, na kichwa kilikuwa kinatikisika. Watu walisema wanacheza ngoma. Mwaka 1907 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Yerkes aliandika kitabu kizima juu yao. Mwaka 1929 ikatangazwa aina nyingine, toka ukoo mwingine, nayo inatikisa kichwa, inazunguka, na ni kiziwi. Waliiita kwa jina la kutikisika, na jina hilo lipo mpaka leo na namba moja pembeni yake. Kwa miaka 60 na zaidi ilifugwa ndani ya laboratwari, kizazi juu ya kizazi, bila mtu kujua jeni gani imeharibika.

Mwaka 1995 mambo mawili yalitokea pamoja. Watafiti wa Uingereza, kati yao Karen Steel na Steve Brown, walipata jeni ya yule panya wa 1929. Na kundi la Christine Petit, kwenye Institut Pasteur ya Paris, likishirikiana nao, likaonyesha kwamba jeni hiyo hiyo imeharibika kwa wagonjwa wa Usher aina ya kwanza. Inaitwa MYO7A. Inatengeneza protini yenye kazi ya hamali: inatembea juu ya kamba za ndani ya seli na kubeba mizigo. Baadaye, mwaka 2001, wale wazungukaji wa ukoo wa Japani nao wakaeleweka: jeni yao ni CDH23, na watu wenye CDH23 mbovu wanapata Usher pia. Panya wengine watatu wazungukaji, waliokuwa wanafugwa tu sawa maajabu, nao wakapata ndugu zao kati ya wagonjwa.

Juu ya nini panya anacheza? Kwa sababu sikio la ndani liko na kazi mbili, kusikia na kushika usawa, na seli zake zinafanana. Kila seli iko na kifungu cha vinywele juu yake, vimepangwa sawa ngazi, kifupi, cha katikati, kirefu. Toka ncha ya kimoja mpaka ubavu wa jirani yake kunapita uzi mwembamba kabisa. Sauti ikiingia, vinywele vinainama, uzi unavuta, mlango mdogo unafunguka, umeme unaingia, ubongo unapata habari. Uzi huo umetengenezwa kwa protini mbili tu, ile ya CDH23 na ya jeni nyingine, PCDH15. Protini zingine za Usher aina ya kwanza zinaushikilia uzi kwenye mizizi yake. Ondoa moja, haijalishi ipi, ngazi inapindika na mlango haufunguki. Panya hasikii, na hajui kichwa chake kiko upande gani. Anazunguka. Mtoto wa binadamu mwenye jeni hiyo hiyo hazunguki sawa panya, lakini anachelewa kukaa na anachelewa kutembea. Ni kosa lile lile kwenye miili miwili. Hapa panya alitufaa kupita vile mtu angetumaini, juu hakuna anayeweza kufungua sikio la ndani la mtoto mzima ili aangalie ngazi. Limezungukwa na mfupa mgumu kuliko yote ya mwili.

Kumbe kwenye macho, panya huyo huyo alikataa.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Wagonjwa wa MYO7A wanakuwa vipofu. Panya wa MYO7A ni kiziwi, anazunguka, lakini retina yake inabaki nzima mpaka anazeeka. CDH23, hivyo hivyo. Watafiti walitazama vizuri zaidi wakaona vidokezo: rangi ndani ya seli za nyuma ya retina haiko mahali pake, protini inayopokea mwanga inachelewa njiani. Kasoro ndogo ndogo, lakini upofu hakuna. Sasa utafanya nini na mnyama ambaye hana ugonjwa unaotaka kutibu? Ukimpa dawa ya macho, utapima nini?

Maelezo ya kwanza yalikuwa ya wakati. Panya anaishi miaka miwili ao mitatu, ugonjwa unaomba miaka makumi. Kuna ukweli ndani yake: panya aliyenyimwa jeni ya USH2A kabisa alionyesha retina inayokufa, lakini karibu miezi 20, yaani amekwisha kuwa mzee. Maelezo ya pili yalikuwa ya mwanga. Panya ni mnyama wa usiku, na laboratwari inamfuga ndani ya mwanga hafifu. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba panya wa MYO7A akiwekwa kwenye mwanga wa nguvu zaidi, seli zake zinaanza kufa, wakati panya mzima anavumilia.

Halafu mwaka 2012 kundi la Paris lilikuja na maelezo ya tatu, na mimi naona ndiyo yenye uzito. Waliangalia retina ya mtu, ya nyani na ya chura, wakilinganisha na ya panya. Seli ya mwanga iko na sehemu ya juu iliyojaa visahani vilivyopangwa, sawa sahani za mama kwenye kabati. Chini ya sehemu hiyo, kwa mtu, kuna vidole vidogo vinavyoizunguka na kuishika. Fikirini mtu ameshika muhindi wa kuchoma kwa kitako, vidole vimeuzunguka. Ndivyo ilivyo. Na protini za Usher aina ya kwanza zilikuwa zimekaa hapo hapo, kati ya vidole na muhindi. Kwa panya? Vidole hivyo karibu havipo. Protini zimekosa mahali pa kufanya kazi, kwa hiyo zikikosekana, jicho la panya halioni tofauti.

Mnaona vile ni vizuri? Panya hakusema uongo. Alisema: huu ugonjwa wa macho unaanzia kwenye kitu ambacho mimi sina. Kama angekuwa kipofu sawa sisi, pengine tungechelewa kujua mahali pa kutazama.

Baada ya hapo, kazi ikahamia kwa mwenye vidole. Chura. Mwaka 2017 kundi hilo hilo lilipunguza protini za CDH23 na PCDH15 ndani ya chura wa jamii ya Xenopus, wale vyura wa Afrika wanaoishi majini na wenye kucha kwenye miguu ya nyuma. Vidole vilipungua, sehemu ya juu ya seli ikapinda, visahani vikakua vibaya. Kwa wale wa kwetu: jamii hiyo ya Xenopus iko hapa. Kuna aina moja inayoitwa Xenopus itombwensis, ilitangazwa mwaka 2008, toka milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini. Haiko yenyewe iliyotumiwa, ile ya majaribio inatoka Afrika ya magharibi. Lakini mtoto wa kijiji anayemrusha jiwe chura majini, anamrusha mnyama ambaye jicho lake liko karibu na la mtu kuliko jicho la panya, kwa habari hii.

Samaki-pundamilia naye ameingia. Ni samaki mdogo wa mito ya Asia Kusini, mfupi kuliko kidole, na watoto wake wanapita mwanga sawa kioo. Siku ya tano anaogelea. Yule mwenye jeni mbovu za Usher anaogelea akizunguka, wakati mwingine tumbo juu. Akiwa na USH2A mbovu, umeme wa retina yake unapungua mapema, hakuna haja ya kungojea miezi 20. Kuna dawa inayomfanya mwili aruke kipande kimoja cha jeni ya USH2A, kile cha 13, ambamo kosa linalopatikana sana kwa Wazungu limekaa. Wazo la kuruka kipande hicho lilijaribiwa ndani ya samaki kuona kama protini fupi ingali inafanya kazi. Ilifanya. Kiisha dawa ikapelekwa ndani ya macho ya wagonjwa kwa majaribio.

Na nguruwe. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani na wenzao walitangaza nguruwe wenye jeni USH1C mbovu: viziwi, wanazunguka, na wanaona vibaya. Yote matatu ndani ya mnyama mmoja, na jicho lake kwa ukubwa linakaribia la mtu. Lakini nguruwe anakula, jamani. Panya kumi wanakaa ndani ya sanduku mbili, nguruwe kumi wanaomba zizi, chakula, daktari wa mifugo na mshahara wa watu wa kusafisha.

Hapa niseme neno kwa wale wanaotafuta kwenda kufanya masomo ya juu, juu jambo hili limewapotezea watu miezi. Uliza ukoo wa panya wako. Yule panya mweusi anayetumiwa kila mahali, C57BL/6, anabeba kasoro ndogo kwenye CDH23 na anapoteza kusikia akizeeka, hata kama hujamgusa. Ukoo wa C3H na wa FVB wanazaliwa na jeni nyingine mbovu, Pde6b, retina yao inakufa ndani ya wiki chache. Aina hiyo ya upofu ilionekana mara ya kwanza mwaka 1924 na Clyde Keeler, kule Harvard. Sasa weka jeni ya Usher ndani ya panya wa namna hiyo, upime macho, uandike kwamba jeni yako inaleta upofu haraka. Umeandika habari ya bibi yake, si ya jeni yako.

Twende kwenye matibabu, kwa sababu najua njo swali la pili la oditwari: "Na dawa iko?"

Kwa ugonjwa mwingine wa retina, iko, na mbwa ndiye alifungua mlango. Mbwa wa aina ya Briard, wa Ufaransa, wengine wanazaliwa wasioona kwa sababu ya jeni RPE65, ile ile inayopofusha watoto fulani wa binadamu. Huyu hakutengenezwa na mtu, ugonjwa ulimpata wenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba waliwapa mbwa watatu sindano ya virusi visivyodhuru, vimebeba jeni nzima, nyuma ya retina, na mbwa walianza kuona. Mmoja, Lancelot, alijulikana mpaka akapelekwa kuonyeshwa kwa wabunge wao. Mwisho wa 2017 dawa ikaruhusiwa Marekani kwa watu. Bei yake kwa macho mawili: dola 850,000. Sitaongeza neno juu ya bei.

Juu ya nini tusifanye hivyo hivyo kwa Usher? Mzigo ni mkubwa. Kile kirusi kinachobeba jeni ni sawa chukudu ya Goma: imara, inafika, lakini iko na mwisho wake. Inabeba karibu herufi 4,700 za ADN. RPE65 inaingia na nafasi inabaki. MYO7A iko na karibu 6,600. USH2A karibu 15,600. Ndiyo maana wale wa Naples, wakiongozwa na Alberto Auricchio, walikata jeni vipande viwili, wakapakia kwenye chukudu mbili, wakatengeneza namna vipande vinaungana ndani ya seli. Walijaribu kwanza ndani ya panya na nguruwe. Nguruwe alikuwa wa lazima, jicho la panya ni dogo mno kukuambia kama chukudu zote mbili zitafika kwenye seli moja ndani ya jicho kubwa. Majaribio kwa wagonjwa yamekwisha kuanza kule Italia.

Kwa masikio, kuna hadithi ya Louisiana, ambayo sisi tunaosema Kifaransa tunaweza kuisikia kwa namna yetu. Mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza Wafaransa wa Acadie, kaskazini ya Amerika. Wengine wakaishia Louisiana, wakaoana kati yao, na kosa moja la USH1C likasafiri nao. Jennifer Lentz na wenzake walitengeneza panya mwenye kosa hilo hilo, herufi kwa herufi. Mwaka 2013 walitangaza kwamba sindano moja ya kipande kifupi kinachorekebisha usomaji wa jeni, ikipewa panya mchanga wa siku chache, inamrudishia kusikia na usawa. Panya aliyepaswa kuzunguka alitembea sawa wengine.

Magazeti yalifurahi. Lakini someni tena: siku chache. Ukichelewa, faida inapungua haraka. Na panya anazaliwa masikio bado hayajamalizika, anaanza kusikia karibu siku ya 12. Mtoto wetu anaanza kusikia sauti angali tumboni. Kwa hiyo panya mchanga wa siku tano, kwa habari ya sikio, ni sawa mimba, haiko sawa mtoto aliyezaliwa. Mtu akikwambia "wameponya uziwi wa Usher ndani ya panya", muulize: panya wa siku ngapi? Kwa wakati huu, mtoto kiziwi mwenye uwezo anawekewa mashini ndani ya koklea, na nguvu nyingi za utafiti zinaelekezwa kwenye jicho, kwa kuwa jicho linakufa polepole na linatuachia muda.

Sitapita pembeni ya swali la mateso. Panya anayezunguka maisha yake yote, nguruwe aliyezaliwa kiziwi kwa mapenzi yetu, hawakuombwa ruhusa. Toka 1959 kuna kanuni ya Russell na Burch: kama unaweza kutumia kitu kingine, tumia, kama unaweza kutumia wachache, tumia wachache, na wale unaowatumia, wapunguzie maumivu. Siku hizi wanaotesha vipande vya retina ndani ya bakuli toka seli za mgonjwa mwenyewe. Vinasaidia sana kuona seli. Havikuonyeshi mtoto anayejigonga kwenye kiti. Mimi naona panya wa Louisiana ana haki yake, na panya wa mtu asiyejua ukoo wake hana.

Sasa tazameni jambo moja ambalo pengine mmekwisha kuliona. Panya wa Louisiana yuko juu familia za Louisiana zilitoa damu na mtu akasoma jeni zao. Dawa ya kipande cha 13 iko juu kosa hilo ni la wengi kule Ulaya. Mnyama anatengenezwa kwa mfano wa mgonjwa aliyeandikwa. Familia isiyoandikwa haina panya wake. Na kwetu, mtoto kiziwi mara nyingi anaandikwa "kiziwi", nukta, ao wanasema ni kinini, ni homa ya uti wa mgongo, hata pale ambapo ndugu yake wa pili naye ni kiziwi na hakuumwa kitu.

Kwa hiyo wale mnaofanya TFC kwenye afya, kwenye biolojia, hata kwenye ualimu, na mko karibu na shule ya viziwi: hauhitaji laboratwari kuanza. Uliza mama mtoto alianza kutembea na miezi ngapi. Uliza watoto wangapi ndani ya nyumba, wangapi viziwi, na kama ukoo wa baba na wa mama unakutana mahali. Kiisha uliza walimu, nani anachelewa kuingia darasani jioni wakati umeme umekatika, nani hataki kucheza mpira jua likishuka, nani anakanyaga wenzake waliokaa pembeni yake na anaitwa mkorofi. Andika majina hayo kwa siri na kwa ruhusa ya wazazi, uyapeleke kwa daktari wa macho. Akipanua mboni na kuangalia chini ya jicho, atatafuta madoa meusi pembeni ya retina, yenye umbo sawa vipande vidogo vya mfupa. Ni kifaa cha kushika mkononi na matone. Na kama madoa yapo, yule mtoto aanze kujifunza ishara za mkono ndani ya mkono mwaka huu, angali anaona mwalimu wake.